Bunduki ya kuwindia nyati: .375 inatosha, na si lazima uinunue

Swali: Mimi ni mkazi wa Nakuru. Nina cheti cha bunduki ndogo ya .22 ninayotumia shambani upande wa Njoro, na cha shotgani ya geji 12. Shemeji yangu anaishi Arusha, ana leseni ya kuwinda kule, na amenialika Julai mwaka ujao tukawinde nyati. Yeye ana .30-06 na anasema inatosha. Rafiki yake anasema nyati hauawi kwa kitu chini ya .458. Nataka ninunue bunduki yangu moja nzuri, nisije nikaaibika mbele ya wakwe. Ninunue ipi?

Jibu: Ndugu, kwa ufupi ni .375 Holland & Holland Magnum ya bolti (unaikoki kwa mkono kila pigo), yenye uzito wa kilo nne na kitu, pamoja na risasi za greni 300 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zilizoundwa kwa mnyama mnene. Na kwa hali uliyoieleza, ikodi. Pesa za kununua bunduki zitakufaa zaidi kwenye mazoezi na kwenye risasi za maana.

Ila kabla ya bunduki, angalieni leseni, maana hapo ndipo mpango wenu unaweza kukwama. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977 na mlango haujafunguliwa tena, kwa hiyo Mkenya anayetaka nyati kihalali lazima avuke mpaka. Tanzania inaruhusu, lakini kuna uwindaji wa wenyeji na kuna uwindaji wa kitalii. Leseni ya shemeji yako ni ya mwenyeji, na wewe haikuhusu. Mgeni huwinda kupitia kampuni yenye kitalu, yaani eneo la kuwindia, akiwa na mwindaji bingwa, yule wa kazi anayeongoza wageni, kando yake na askari wa wanyamapori akishuhudia. Shemeji anaweza kuja kukusindikiza, lakini ukifyatua wewe kwa leseni yake mtakuwa na kesi wote wawili. Muulizeni TAWA, mamlaka inayosimamia mapori ya akiba na vitalu, kabla hamjalipa mtu hata shilingi. Wasomaji wa Kisumu, Busia na Bungoma ambao mpaka wa Malaba uko karibu nao kuliko wa Namanga wajue kwamba Uganda nayo ilirudisha uwindaji mwaka 2001, ikianzia kandokando ya Ziwa Mburo, na huko pia ni kupitia kampuni.

Sheria hiyohiyo inamaliza ubishi wa .30-06. Tanzania inataka kaliba, yaani kipenyo kwa inchi, isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo. Bunduki ya shemeji ni nzuri kwa swala pala, kongoni na pundamilia, na ukipata nafasi ya hao itumieni bila wasiwasi. Kwa nyati haikubaliki, hata kama kuna mtu anayemjua mtu aliyemwangusha kwayo. Wapo pia watakaokuuzia habari za 9.3x62 ya Mjerumani, iliyotoka 1905 na kusifiwa sana na walowezi. Sifa zake ni za kweli, na greni 286 zake hupenya vizuri. Lakini kipenyo chake ni .366, pungufu ya kile kilichoandikwa. Usiende kubishana na askari wa wanyamapori kuhusu sehemu tisa kati ya elfu moja za inchi huku nyati wanaondoka.

Sasa .375 yenyewe. Ilitoka London mwaka 1912, na zaidi ya karne moja baadaye bado ndiyo wengi huanzia. Kichwa cha risasi cha greni 300, yaani gramu 19.4, hutoka mtutuni kwa mita 770 hivi kwa sekunde kikiwa na nguvu ya juli 5,800 hivi. Ni chembamba na kirefu kulingana na uzito wake, na hiyo ndiyo siri ya kupenya. Ganda lake refu limechongoka taratibu kuelekea mbele, umbo lililotokana na baruti ya kodaiti ya zama zile. Faida yake hadi leo ni kwamba huteleza kuingia chemba na hutoka bila kung'ang'ania, hata kukiwa na joto na vumbi. Na risasi zake zinapatikana, jambo ambalo huwezi kulisema kwa kaliba nyingi za mtindo mpya. Kambi nyingi za uwindaji zina .375 moja ya kukodisha, na ukiishiwa kuna mtu atakuwa na risasi za ziada.

Rafiki wa shemeji na .458 yake hajakosea kabisa, amekosea mtu. .458 Winchester Magnum ilitoka 1956, greni 500 kwa mita 620 hivi kwa sekunde. Miaka ya mwanzo ilipata jina baya kwa sababu baruti ilishindiliwa mno kwenye ganda fupi, ikaganda, na baadhi ya risasi zikatoka dhaifu. Hilo lilirekebishwa, na .458 Lott ya 1971, yenye ganda refu zaidi, husukuma kichwa kilekile hadi mita 700 hivi. Ni silaha ya mwindaji bingwa, mtu ambaye kazi yake ni kumsimamisha nyati anayekuja akiwa hatua kumi. Kazi yako wewe ni risasi ya kwanza, kwa nyati aliyetulia, mita 40 hadi 80, mahali panapostahili. Ukiifanya vizuri yeye hatakuwa na kazi.

Na risasi ya kwanza huharibiwa na bega. Bunduki ya .30-06 ya uzito wa kawaida hukusukuma kwa nguvu ya juli 27 hivi. .375 ni kama 50. .416 Rigby na .458 ni karibu 80. Wewe umezoea .22, ambayo kwa mahesabu haya ni sifuri, na shotgani. Kutoka hapo hadi .375 mtu mzima anafika kwa mazoezi ya wiki chache. Kutoka hapo hadi .458 wengi hawafiki, ila hawasemi. Mwili ukishaumizwa mara tatu nne huanza kujikinga kabla ya mlio: jicho linafumba, bega linasukuma mbele, kidole kinavuta kwa pupa. Risasi inakwenda chini au pembeni sentimita 20 na mpigaji analaumu darubini. Kumtambua mtu wa namna hiyo ni rahisi. Mwenzako akupakie bunduki bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara risasi bandia. Siku ya bandia bunduki hailii, na mtutu ukiruka au kuinama mbele ya kila mtu, ugonjwa umeonekana. Dawa yake ni kurudi kwenye .22 siku kadhaa. Kujikaza na kuendelea na ile kubwa huzidisha.

Kati ya .375 na .458 kuna .416, iwe Rigby ya 1911 au Remington, na ndugu yake .404 Jeffery. Zote hutupa greni 400 kwa mita 700 na kitu kwa sekunde. Ni kaliba nzuri sana. Kama baada ya kupiga .375 unaona bega lako halina neno, hapo ndipo pa kwenda. Si pa kuanzia.

Nikipewa nafasi ya kusisitiza jambo moja tu, litakuwa risasi yenyewe. Watu wanabishana kaliba usiku kucha kisha wananunua sanduku la bei nafuu. Nyati dume hufika kilo 700 hadi 800. Ngozi yake ni nene, mara nyingi ina matope makavu juu, mbavu zake ni pana na zimekaribiana, na nyuma ya hapo kuna mfupa wa bega. Kichwa cha risasi cha kawaida chenye madini laini ya risasi ndani na gamba jembamba la shaba, kilichoundwa kwa swala au kulungu, hugonga bega hilo kikavunjikavunjika. Unaona damu, unaona mnyama amestuka, lakini kichwa kimeishia kwenye nyama ya bega na mapafu hayajaguswa. Huyo sasa ni nyati aliyejeruhiwa, ameingia kichakani, na anayemfuata huko ni mwindaji bingwa.

Kuna aina mbili unazohitaji kujua. Ya kwanza, inayoitwa laini, hupanuka: huingia ikiwa na kipenyo chake na kufunguka kama uyoga, ikakata njia pana. Kwa nyati iwe ni ile ambayo madini yake ya ndani yameunganishwa na gamba yasiachane, mfano Swift A-Frame au Trophy Bonded Bear Claw, au iliyochongwa shaba tupu kama Barnes TSX. Ya pili ni ngumu, haipanuki kabisa. Hupita moja kwa moja kwenye mfupa na nyama hadi upande wa pili. Mpangilio wa desturi ni laini moja chembani kwa pigo la kwanza, na ngumu chini yake kwenye magazini. Sababu ni kwamba pigo la kwanza unachagua pembe, nyati yuko ubavu. Yanayofuata anakuwa anakimbia na unampiga kutoka nyuma au kwa mshazari, ambapo kinachotakiwa ni urefu wa njia. Baadhi ya wawindaji siku hizi hujaza zile za shaba tupu zinazopanuka tangu juu hadi chini, kwa kuwa zinapenya karibu sawa na ngumu. Hakuna ubaya. Mfuate mwindaji bingwa wako.

Hatari ya ngumu ni ile inayosahaulika: inatoka upande wa pili ikiwa bado na nguvu ya kuua. Nyati wanasimama kundi. Usimpige mmoja kabla hujaona nyuma yake kuna nini, la sivyo utalipia wawili, na wa pili hukumwona hata alikokimbilia.

Laini na ngumu zisipotua mahali pamoja, mpangilio wote huo ni bure. Pigeni kila aina risasi tatu kwa mita 50. Zikitofautiana zaidi ya sentimita 5 badilisheni aina moja. Na sanduku la risasi lisikae juu ya dashibodi ya gari kwenye jua. Baruti ikipata moto, shinikizo hupanda na bolti inaweza kugoma kufunguka, tena wakati mbaya.

Tuje kwenye chuma. Bunduki ya mitutu miwili, kama .470 Nitro Express, ni ya haraka na inapendeza, lakini bei yake ni ya kununulia shamba, na mitutu yake hulinganishwa kiwandani na risasi za aina moja tu. Ukibadilisha risasi, mtutu mmoja unatupa huku na mwingine kule. Achana nayo. Ya kujipakia yenyewe pia achana nayo. Inabaki bolti, na humo kuna mifumo miwili.

Fungua bolti, itoe, itazame kwa mbele. Kwenye mfumo wa Mauser 98, ambao ndio wa Winchester Model 70 ya leo, Ruger Hawkeye, CZ 550 na bunduki za Rigby, utaona ubavuni ukanda mrefu wa chuma wenye ukucha mpana. Ganda likitoka magazini, ukingo wake hujiteleza chini ya ukucha huo kabla risasi haijaingia chemba, na tangu hapo limeshikwa. Ukiirudisha bolti nyuma, hata kama hukufikisha mbele kabisa, ganda linatoka. Kwenye mfumo wa pili, mfano Remington 700, bolti inaisukuma risasi tu, na ukucha mdogo hulikamata ganda mwishoni bolti inapofungwa. Kwa kulenga shabaha ni sawa kabisa. Shida inakuja mtu akiwa na hofu: anasukuma bolti robo tatu, anastuka, anairudisha nyuma. Risasi ya kwanza imebaki imelala chembani bila kushikwa, ya pili inaisukuma kwa nyuma, na bunduki imekwama na risasi mbili. Kwa sababu hiyo peke yake mfumo wa ukucha mrefu ndio unaopendwa kwa wanyama hatari, na ndio ninaokuambia uutake.

Uzito uwe kilo 4 hadi 4.5. Ikiwa nyepesi zaidi inaumiza bega. Ikizidi sana, kufikia saa sita mchana umeshampa mtu akubebee, na nyati huonekana hasa pale ambapo bunduki iko kwa mwingine. Mtutu wa sentimita 56 hadi 61. Kifyatulio cha kilo moja na nusu hadi mbili, kinachokatika safi bila kujivuta. Chepesi kuliko hapo kwa mikono yenye hofu ni ajali. Kile kifaa cha matundu mdomoni mwa mtutu kinachopunguza msukumo, kataa. Bega litafurahi lakini mlio unarudishwa pembeni na nyuma, kwenye masikio ya msoma nyayo aliyesimama mita moja kutoka kwako, na yeye hana cha kuzibia.

Kitako kikufae. Funga macho, inua bunduki tupu hadi begani kama unayetaka kupiga, kisha fungua. Jicho liwe linatazama katikati ya darubini bila kuvuta shingo. Ukiona duara jeusi upande mmoja, kitako ni kirefu au kifupi kwako. Kambini huongezwa kipande cha mpira au huondolewa. Ni kazi ya dakika chache. Kama unatumia mkono wa kushoto, sema wiki kadhaa kabla, maana .375 ya kushoto si kila kambi inayo.

Darubini iwe ya nguvu ndogo: 1 hadi 4, au 1.5 hadi 6. Kichakani iache kwenye ya chini kabisa. Nguvu 9 kwa mita 30 inakuonyesha manyoya meusi tu, hujui ni bega au paja. La muhimu kuliko ukuzaji ni nafasi kati ya jicho na kioo: sentimita 9 au 10. Darubini za .22 mara nyingi hazina nafasi hiyo, na kwenye .375 hukata nyusi. Kovu la nusu mwezi juu ya jicho ndilo kitambulisho cha waliopuuza. Vishikio viwe vya kufungua kwa mkono, ili darubini ikipasuka au mvua ikiingia utumie nundu za chuma za kulengea zilizo juu ya mtutu, ambazo nazo ziwe zimeshapigiwa kwa mita 50.

Linganisha darubini itue katikati kwa mita 100. Kwa greni 300, hapo mita 50 risasi inatua karibu palepale, na mita 150 inashuka sentimita 6 hivi. Kwa nyati humo mna umbali wote unaouhitaji, hivyo hakuna hesabu ya kufanya kichwani.

Kwa nini nasema ukodi? Kwa sababu ili uimiliki hapa lazima uishawishi Bodi ya Leseni za Bunduki, chini ya Sheria ya Bunduki, Sura 114, kwamba una sababu ya haki ya kuwa na .375 katika nchi ambamo hakuna mnyama unayeruhusiwa kumpiga nayo. Uibebe kuvuka mpaka kwa vibali vya nchi mbili, kisha uirudishe ikae kwenye sanduku la chuma mpaka miaka mingapi? Kampuni inayokupeleka ina bunduki ambayo karatasi zake ziko tayari. Hasara ya kukodi ni moja, nayo ni kubwa: huijui. Kwa hiyo siku ya kwanza kambini usikubali kuambiwa "iko sawa, jana mtu amepigia." Ikague wewe mwenyewe, hivi.

Hakikisha chemba na magazini ni tupu. Toa bolti, tazama mtutuni kwa nyuma ukielekeza mdomo kwenye mwanga. Nyigu wa matope hupenda kujenga humo, na mafuta yaliyobaki huipeleka risasi ya kwanza kwingine. Pitisha kitambaa kikavu. Shika darubini kwa mkono uitikise kwa nguvu. Ikicheza hata unywele, skrubu zikazwe kabla ya lolote. Tazama mbao za kitako nyuma kidogo ya bolti, pale shingo inapoanzia: bunduki za kaliba hizi zikilegea skrubu za chini, chuma hupiga mbao kila mlio na ufa huanzia hapo, mwembamba kama uzi. Ukiuona, omba nyingine.

Kisha risasi bandia. Jaza magazini yote, tatu au nne, ukoki haraka kama mtu anayefukuzwa, si polepole kwa adabu. Kila moja iingie na kila moja irushwe mbali. Ambayo inakwama kila mara ikiwa ya mwisho inaonyesha chemchemi ya magazini imechoka. Rudia ukiwa umeielekeza juu, halafu chini. Halafu fanya lile kosa kwa makusudi: sukuma nusu, rudisha, uone kama ganda linatoka.

Sefti. Ikiwa tupu na sefti imefungwa, vuta kifyatulio, achia, kisha fungua sefti bila kugusa kifyatulio. Sindano ikianguka, bunduki hiyo si ya kubeba na binadamu. Igonge kidogo kitako chini kwa namna hiyohiyo. Mwisho gusa kifuniko cha chini cha magazini. Kwenye baadhi ya bunduki nzito kilimi chake hufunguka kwa msukumo, na risasi zako zote zinamwagika miguuni baada ya pigo la kwanza. Hilo utalijua tu ukipiga ikiwa imejaa, kwa hiyo siku ya kupima jaza.

Kwenye kupima, risasi tatu ukiwa umeketi na mtutu umeegeshwa kwenye mfuko wa mchanga zinatosha kuona darubini. Zaidi ya hapo mezani unajiumiza bure, maana ukiketi mwili hauna pa kurudi. Simama. Tumia vijiti vitatu vya kuegemeza bunduki, mita 50, shabaha ya ukubwa wa sahani ya chai. Tatu za pole, kisha mbili za haraka: piga, koki bunduki ikiwa bado begani, piga. Wageni wengi huishusha bunduki kukoki, kuangalia alichofanya. Nyati usimwangalie. Mwindaji bingwa atakuambia uongeze, na unaongeza mpaka aseme basi.

Hayo mengine yote unaweza kuyafanya hapo Nakuru kuanzia mwezi huu, na .22 yako. Tengeneza vijiti vitatu vya mianzi au fito, vifunge kwa mpira wa tyubu karibu na ncha, urefu wa kifua chako. Nenda uwanja wa kulenga shabaha ulioidhinishwa, risasi 50 kwa kila safari, zote ukiwa umesimama, ukikoki begani. .22 ikiwa ya bolti ni bora zaidi, maana mkono ndio unaofundishwa. Nyumbani, bunduki tupu iliyokaguliwa mara mbili, inua na ulenge bila kufyatua, mara 20 jioni. Mwezi mmoja kabla ya safari ongeza shotgani na risasi nzito chache, bega lianze kukumbuka.

Na pita getini Mbuga ya Ziwa Nakuru. Nyati pale ni wengi, na utawaona kwa karibu ukiwa ndani ya gari. Nenda na darubini ya mkono, mwangalie dume aliyesimama ubavu. Fuata mguu wa mbele kutoka kwato kwenda juu. Simamia katikati ya mguu huo, panda theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka mstari wa tumbo. Hapo chini ya ngozi kuna sehemu ya juu ya moyo na mishipa mikubwa, mapafu yakiwa pande zote. Watu wengi hulenga juu mno, kwa sababu nundu ya mabega humdanganya mtu aone kifua kiko juu. Moyo wa nyati umekaa chini, karibu katikati ya miguu. Kisha subiri ageuke. Akiwa mshazari anakuja, mahali pa kulenga huhama kuelekea kifuani; akiwa mshazari anaondoka, hurudi nyuma kwenye mbavu ili njia ya risasi iishie bega la upande wa pili. Kaa naye saa nzima. Kila anapogeuka, jiulize risasi ingeingia wapi na kutokea wapi, na je, kuna mwingine nyuma yake.

Nyara usizipangie ukutani. Pembe na ngozi kuvuka nazo Namanga bila kibali ni kosa chini ya sheria yetu ya wanyamapori ya 2013, hata kama nyati alilipiwa kihalali Tanzania. Liulize shirika la wanyamapori, KWS, kwa maandishi kabla ya safari, au mwachie shemeji nyara na wewe urudi na picha.

Kabla ya kulipa malipo ya awali iandikie kampuni: bunduki ya kukodi ni ya kaliba gani na modeli gani, ina mfumo wa ukucha mrefu au la, darubini ni ya nguvu ngapi, risasi ni za kampuni gani na greni ngapi, laini na ngumu zote zipo au ni laini tu, na nitapewa risasi ngapi za kupimia. Nane au kumi za kupimia ni haki yako hata kama zinalipiwa. Wakikujibu "bunduki zipo, usijali," rudia maswali mara moja. Wakijibu vilevile, shemeji akutafutie kampuni nyingine, na Julai bado iko mbali.